Kisigino kilichosubiriwa miaka 82

Mwaka 1956, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kijana aliyekuwa hajafikisha miaka 30 alikabidhi tasnifu yake ya udaktari. Ilihusu mifupa ya reptilia wa kale iliyotoka bonde la Ruhuhu, ule mto wa kusini mwa Tanzania unaoingia Ziwa Nyasa pale Manda. Kijana huyo ni Alan Charig. Ndani ya tasnifu ile wanyama wawili walipata majina, Mandasuchus na Teleocrater. Charig alifariki mwaka 1997, na hadi anaingia kaburini hakuna jina hata moja kati ya hayo lililokuwa limechapishwa kwa taratibu zinazotakiwa. La Teleocrater lilitoka Aprili 2017. La Mandasuchus likafuata mwaka 2018. Kote kuwili jina lake limo kwenye orodha ya waandishi, takriban miaka 20 baada ya kufa.

Kisa chenyewe ni hicho. Nimekishika kwa sababu mpwa wangu anasoma jiolojia mwaka wa tatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mhadhiri wake aliwapa kazi: chagua mtafiti mmoja wa visukuku, eleza kazi yake ilikwama wapi na kwa nini. Jumamosi asubuhi alinikuta kwa mama lishe wetu wa Mwenge, begi mgongoni, anahema.

“Shikamoo mjomba. Nimeshamaliza. Jibu ni uvivu.”

“Marahaba mjomba. Kaa kwanza, agiza supu.”

Niliisoma pale pale. Kurasa nne, zimeandikwa vizuri, na hitimisho lake ni baya. Nikamwambia. Haya ninayoyaandika ni yale niliyomwambia, na mengine niliyoyakumbuka nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani.

Tuanze na hilo la uvivu, maana ndilo jibu linalomjia kila mtu. Mwaka 1962 Charig, akiwa na Crompton, alimtangaza Heterodontosaurus wa Afrika Kusini, dinosaria mdogo mla majani mwenye meno ya aina tofauti mdomoni. Mwaka 1963 alikuja mwenyewe huku kwetu na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), katika msafara wa pamoja wa makumbusho ya London na chuo kikuu cha huko, kukusanya mifupa zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 ndiye aliyekuwa akisimamia visukuku vya reptilia, amfibia na ndege katika makumbusho hayo. Mwaka 1972 aliandika andiko refu kuhusu nyonga na miguu ya nyuma ya kundi linalowajumuisha mamba na dinosaria: jinsi mwendo ulivyobadilika kutoka wa kutambaa magoti nje hadi wa kusimama wima. Akatokea BBC kufundisha watu mambo ya reptilia wa kale. Mwaka 1986, baada ya watu fulani kudai kwamba kisukuku maarufu cha Archaeopteryx, ndege wa kale, ni cha kughushi, yeye na wenzake walipima nyufa ndogondogo za jiwe wakaonyesha kwamba zinalingana pande zote mbili, jambo ambalo mghushi asingeliweza. Mtu huyo humwiti mvivu.

Ila kuna jambo moja mpwa wangu aliliruka, na kwangu ndilo kiini cha kisa. Mwaka 1983 fundi bomba mmoja aitwaye William Walker, mpenzi wa kuokota visukuku, alipata ukucha mkubwa kama wa sentimita 31 kwenye machimbo ya udongo huko Surrey, Uingereza. Ukucha ule ukaleta mifupa mingine mingi. Charig na mwenzake Angela Milner walimpa mnyama huyo, dinosaria, jina la Baryonyx walkeri, mwaka 1986. Miaka mitatu tu! Na mwaka 1997, mwaka ambao Charig alikufa, wakatoa maelezo yake kamili.

Sasa weka kando kwa kando. Mnyama wa Surrey, miaka mitatu. Mnyama wa Ruhuhu, miaka 41 tangu tasnifu hadi kifo, na bado. Mtu ni yuleyule, kalamu ni ileile, ofisi ni ileile. Kwa hiyo usimtafute mkosaji ndani ya tabia yake peke yake. Angalia mifupa.

Mifupa ya Teleocrater iliokotwa mwaka 1933 na Rex Parrington, yule ambaye baadaye alikuja kuwa msimamizi wa Charig pale Cambridge. Ilikuwa vipande: pingili za shingo na za mkia, sehemu za nyonga, mifupa ya miguu. Shingo ndefu, umbo jembamba. Jina lenyewe, kwa Kigiriki, linazungumzia bakuli kamili, yaani shimo la nyonga ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukaa. Kwa dinosaria shimo hilo limetoboka upande wa pili, unaweza kupitisha kidole. Kwa huyu limezibwa. Kwa hiyo si dinosaria. Basi ni nani? Hapo ndipo kazi ilipokwama, kwa kuwa kiungo ambacho wataalamu wa zama zile walikitegemea kuamua nani ni ndugu wa mamba na nani ni ndugu wa ndege hakikuwemo kwenye makasha ya Parrington. Kilikosekana kifundo cha mguu.

Mpwa wangu aliuliza kifundo kina siri gani. Bahati nzuri sahani yake ilikuwa na mguu wa kuku wa kienyeji. Nikamwambia aulambe vizuri kwanza, halafu autazame ule mfupa wa muundi, upande wa chini, pale kuku alipokatwa ile miguu ya kucha inayouzwa jioni imekaangwa. Pana vinundu viwili vya mviringo, laini, vimeketi kama pulei. Wengi hudhani ni ncha ya muundi. Sivyo. Ni mifupa ya kifundo, wa ndani na wa kisigino, iliyoungana na muundi kuku alipokuwa akikua. Ukiangalia kifaranga utaikuta bado imeachana. Ndiyo maana mguu wa kuku hukunjika kama mlango kwenye bawaba: mbele, nyuma, basi. Hauzunguki.

Mamba ana mpango mwingine. Kwake mfupa wa ndani wa kifundo umeshikamana na muundi, lakini mfupa wa kisigino huenda na unyayo. Kiungo kinapita katikati ya mifupa hiyo miwili, na mmoja una kitufe kinachoingia kwenye kishimo cha mwenzake. Nyuma kisigino kimechomoza kama mpini, na msuli unakivuta. Mguu wa namna hiyo unaweza kukunjika na kujipinda pia.

Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha hivi: ukikuta kifundo cha pulei, uko upande wa ndege na dinosaria, ukikuta cha kitufe na kishimo, uko upande wa mamba. Kilikuwa kama kitambulisho cha taifa. Na mnyama wa Ruhuhu alikuwa hana kitambulisho.

Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Sterling Nesbitt ilirudi katika bonde lilelile na kupata mifupa zaidi ya Teleocrater, safari hii kisigino kimo. Miaka 82 tangu makasha ya Parrington. Na kisigino chenyewe kilikuja na kiroja, kwani ni cha mtindo wa mamba! Mnyama mwenyewe, kwa alama nyingine muhimu za mwili, yuko upande wa ndege. Anatembea kwa miguu minne, ana urefu wa mita mbili hadi tatu, anakula nyama. Lakini kifundo ni cha mamba. Maana yake ni kwamba kifundo cha namna ile hakikuwa alama ya ukoo wa mamba hata kidogo. Kilikuwa cha babu wa wote, na pulei ya kuku ilikuja baadaye.

Ndiyo maana nasema Charig alikuwa kwenye mtego. Alikuwa anasubiri kiungo kimwambie mnyama wake ni wa ukoo gani, kumbe kiungo chenyewe, kwa kanuni za siku zake, kingemdanganya. Kama Parrington angeokota kisigino kile mwaka 1933, nafikiri Teleocrater angepelekwa moja kwa moja kwa akina mamba na akaachwa huko.

“Basi alifanya vizuri kutochapisha,” mpwa wangu akasema. Vijana wana haraka ya kuhama upande.

Hapana. Tofauti yetu mimi na yeye iko hapa, na sijui kama mhadhiri wake atakubaliana nami. Katika kazi hii, jina lililomo kwenye tasnifu halihesabiki. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka andiko lililochapishwa, lenye maelezo ya mifupa na mfupa wa mfano uliotajwa namba. Pasipo hayo, wenyewe wanaliita jina uchi. Majina ya Charig yalitembea uchi miaka mingi. Watu waliyataja kwenye maandishi yao kwa kuwa waliyasikia au walikwenda Cambridge wakaisoma tasnifu. Mwaka 1967 jina la mnyama wake wa tatu, Nyasasaurus, lilichapishwa kwenye orodha bila maelezo. Ni kama kumtangaza bwana harusi bila kumleta ukumbini.

Hasara yake ni nini? Angalia nje ya Ruhuhu. Nchini Brazili kulikuwa na mifupa iliyopewa jina Spondylosoma tangu mwaka 1942, na watu wakabishana miongo kadhaa kama ni dinosaria au la. Urusi kulikuwa na Dongusuchus, wa mwaka 1988. India kulikuwa na Yarasuchus, wa mwaka 2005. Kila mmoja alikuwa yatima, anarushwa huku na kule kwenye miti ya ukoo. Teleocrater alipotoka mwaka 2017 na mwili wa kutosha, wote wanne wakaonekana ni familia moja, wakapewa jina la Aphanosauria. Zama walizoishi wanyama hao mabara yalikuwa bado yameungana, kwa hiyo ndugu kutapakaa kutoka Brazili hadi Urusi si ajabu. Ajabu ni kwamba ufunguo wa familia nzima ulikuwa umelala kwenye droo ya London na kwenye rafu ya tasnifu ya Cambridge.

Spondylosoma alichapishwa na vipande vichache kuliko alivyokuwa navyo Charig. Wakamkosea, wakamrekebisha, wakamkosea tena. Lakini alikuwepo mezani. Mtu wa Brazili au wa Dar angeweza kumbishia. Teleocrater hakuna aliyeweza kumbishia, maana hakuwa amesema kitu.

Kwa hiyo kosa, nikiulizwa mimi, liko katika kusubiri mnyama akamilike ndipo atajwe. Baryonyx alikuja na sehemu kubwa ya mifupa yake, nyumbani, waandishi wa habari wanagonga mlango, na mwenzake Milner yuko meza ya jirani. Wa Ruhuhu alikuja vipande, kutoka mbali, na nadhani hapakuwa na mtu wa kumuuliza kila Jumatatu: vipi wale wa Tanganyika? Sisi wa huku tungeweza kuuliza, lakini ungeuliza nini kuhusu mnyama ambaye hujui kuwa yupo?

Niseme jambo kidogo kuhusu Nyasasaurus, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufikia magazetini. Wale wale waliopitia droo za Charig walimtoa mwishoni mwa 2012, naye Charig akiwa mwandishi mwenza. Alichobakiza duniani ni mfupa wa juu wa mkono na pingili chache, basi. Hata hivyo ule mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli kama wa dinosaria, na kipande chake kilipokatwa chembamba na kutazamwa kwa hadubini kilionyesha mnyama aliyekua haraka. Umri wake unakadiriwa miaka milioni 243 hivi, yaani miaka milioni 10 hadi 15 kabla ya dinosaria wale ambao hakuna anayewatilia shaka. Waandishi walikuwa waangalifu: ama ni dinosaria wa kwanza kujulikana, ama ni ndugu yake wa karibu kuliko wote. Mkono na pingili chache, na bado walichapisha. Kile Charig alichokiogopa, wao wamekifanya kwa aya mbili za tahadhari.

Hapa Dar ukitaja dinosaria, dakika ya pili mtu ameshafika Berlin. Tendaguru, Lindi, 1909 hadi 1913, tani zaidi ya 200 zilizobebwa vichwani hadi pwani, na yule mrefu wa mita 13 na ushee anayesimama ukumbini kwao. Madai ya kutaka mifupa hiyo irudishwe yana uzito wake na siyapuuzi. Ila yanafunika kisa cha Ruhuhu, ambacho kwa mwanafunzi wa leo kina faida ya karibu zaidi, kwa sababu sehemu yake ya pili imehama anwani. Mifupa ya 1933 iko London. Mifupa ya 2015 ina namba zinazoanza na NMT, herufi za Makumbusho ya Taifa, yale ya Mtaa wa Shaaban Robert. Tangu sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, mgeni hatoki na mifupa mkononi kama alivyotoka Parrington. Anaanza na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, anafanya kazi na wenyeji, na mfupa ukienda nje kusafishwa unakwenda kwa mkopo.

Majina nayo yamebadilika lugha. Mwaka 2007 bonde lilelile lilitoa mnyama mwingine, akachapishwa 2010: Asilisaurus kongwe. Mpwa wangu alicheka aliposikia, akadhani natania. Asili, kongwe, hakuna haja ya kamusi. Mwaka huohuo akatoka Pakasuchus wa bonde la Rukwa, ndugu wa mamba mwenye ukubwa wa paka na magego kama ya mnyama anayenyonyesha, na jina lake la pili ni kapilimai, heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Mlimani, hapo hapo anaposoma yeye. Mwaka 2019 akaja Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa sababu pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Sijui nani aliketi akalitunga hilo, lakini nampa mkono.

Tukarudi kwenye karatasi yake. Nilimshauri afute neno uvivu na aweke ule ulinganisho wa Surrey na Ruhuhu mbele kabisa, ukurasa wa kwanza, halafu ajibu swali moja tu: nini kilikuwepo Surrey na hakikuwepo Ruhuhu? Aeleze kisigino kwa mfupa wa kuku, aulete darasani kabisa. Na aombe barua ya idara aende Makumbusho akaulizie utaratibu wa kuona vile visukuku vya NMT, hata kama atajibiwa arudi wiki ijayo. Akiviona atajua kwamba kisigino chenyewe kinaenea kiganjani.

“Angechapisha bila kisigino, si wangemcheka?” aliuliza, huku anaukausha ule mfupa kwa karatasi ya chapati.

“Wangemcheka mwaka mmoja.”

Akanyamaza. Akaufunga mfupa kwenye karatasi, akauweka mfuko wa mbele wa begi, pamoja na chaja. Halafu akaniuliza habari za ripoti yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba anaijua. Nikiwa mwanafunzi kama yeye nilipima matumbawe ya kale kwenye machimbo ya Wazo, miezi mitatu ya jua na vumbi la chokaa, nikahesabu aina za kome na konokono tabaka kwa tabaka. Tabaka moja halikukaa sawa na mengine. Nikasema nitarudi kulipima upya. Nikapata kazi ya kufundisha. Daftari liko kwenye kabati la chumba cha watoto, chini ya vyeti vya ubatizo.

“Mjomba, ile ya Wazo ilibaki tabaka ngapi?”

“Moja.”

“Tangu lini?”

Nikamwita mama lishe atuongeze chapati mbili.